Kadi Iliyorudishwa Mapema

Katika kiwanda cha pampu za maji, kila kifaa kilipitia dirisha moja. Dirisha lilikuwa na nondo, chini ya nondo palikuwa na pengo la kupitisha mkono, na nyuma ya pengo hilo alikaa mtu mmoja kwa karibu miaka thelathini. Wafanyakazi walimwita Mzee Kirudi. Jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe, maana kila alipomkabidhi mtu nyundo, spana au msumeno, alimwambia neno lile lile: "Kirudi kilikotoka."

Sheria ya stoo yake ilikuwa moja, na hakuna meneja aliyeiandika. Rudisha la zamani, upewe jipya. Aliyetaka glovu mpya alivua zilizotoboka pale pale dirishani. Aliyetaka msumeno mpya alileta uliokwisha meno. Aliyekuja mikono mitupu aliondoka mikono mitupu, hata angekuwa msimamizi. Na lipo neno moja ambalo mzee huyu hakulipokea kwa mtu yeyote, nalo ni "imepotea."

"Spana imepotea?" alikuwa akiuliza. "Kwani ina miguu?"

Mtu akianza kujieleza, alimkatiza kwa upole: kitu hakipotei, kuna mtu anajua kilipo, na mtu huyo si mimi. Wengi walirudi kwenye mashine zao wakinung'unika, na ajabu ni kwamba kabla ya jioni spana ilionekana. Mchomeleaji, rafiki yake wa siku nyingi na mtu wa maneno mengi, alizoea kusema kwamba siku Mzee Kirudi atakapokufa hataitoa roho yake mpaka malaika atie sahihi.

Ni rahisi kumcheka mtu wa namna hiyo. Lakini kiwanda hicho kilikuwa na wakubwa walioondoka na magari ya kazi, na makatibu waliobeba nyumbani hata mapazia ya ofisi, wakati stoo yake haikuwahi kupungukiwa na boliti. Uaminifu wake haukuwa nguo ya kuvaa mbele ya wageni. Ndiyo maana yaliyompata yanauma.

Aliishi na mke wake katika jengo la wafanyakazi, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na kibaraza chembamba kilichotosha kiti kimoja na cherehani. Mke wake alikuwa mshonaji wa sare za shule. Shingo yake ilizungukwa na futi ya kupimia kama wengine wanavyovaa mkufu, na midomo yake ilishika pini hata alipokuwa anazungumza. Watoto wao wawili, binti na mdogo wake wa kiume, walikua chini ya meza ile ya kukatia. Mdogo aliondoka kwenda kutafuta maisha nchi za mbali na kupiga simu kwa nadra. Binti aliolewa mji mwingine, na huko alikuwa na saluni yake.

Mama huyo alikuwa na ugonjwa wa moyo tangu usichana. Homa ya koo iliyoachwa ijiponee ilimharibia kitu ndani. Daktari aliwaeleza kwamba moyo una milango midogo ya kupitisha damu, na mmoja wa kwake haukuwa ukifunga sawasawa, kwa hiyo damu iliyopaswa kwenda mbele ilirudi nyuma kidogo kidogo. Mzee Kirudi alielewa kabla daktari hajamaliza. Maisha yake yote alikuwa akitoa valvu za pampu kupitia dirisha lile. Aliuliza tu kama hiyo nayo hubadilishwa. Daktari akasema hubadilishwa, ila bado. Kwa sasa dawa zinatosha, tuendelee kuangalia.

Waliendelea kuangalia kwa miaka mingi. Kila mwezi kliniki, kila mwaka picha ya moyo, kila siku vidonge asubuhi na jioni. Yote hayo yalilipwa na bima ya kiwanda. Mke na mume walikuwa na kadi mbili zilizofanana, na walizitumia bila kuzifikiria, kama mtu anavyotumia maji ya bomba mpaka siku yanapokatika.

Kilichowasumbua kilikuwa ngazi. Mama yule akitoka sokoni alisimama kila ghorofa kuzungumza na jirani. Atauliza habari za mtoto, atasifia maua, atacheka. Majirani walimwona mtu wa watu. Mumewe ndiye aliyejua kwamba anatafuta pumzi.

Walikuwa wamejenga nyumba ndogo nje ya mji, ya chini, haina hata kizingiti cha kujikwaa. Lakini kutoka huko hadi kiwandani ilikuwa safari ya kuamka kabla ya ndege na kurudi watu wamelala, na mzee hakutaka kumwacha mgonjwa peke yake mchana kutwa. Kwa hiyo kiwanda kilipotangaza kwamba wenye zaidi ya miaka hamsini na mitano wanaweza kustaafu mapema kwa hiari, na kupewa kiinua mgongo chao, aliona mlango umefunguliwa.

Jioni hiyo alimpangia mkewe mambo yote mezani, huku mama akizungushia matundu ya vifungo. Bomba la maji litavutwa hadi jikoni. Kutakuwa na kuku. Cherehani itawekwa dirisha la mashariki. Na kabla ya yote hayo, alisema, fungu la bima limeshatengwa. Alikuwa amekwenda mwenyewe kwenye ofisi ya kampuni ya bima, akauliza wazee wawili hulipa kiasi gani kwa mwaka, akaambiwa, na akaweka kando kiasi hicho cha miaka mitano, mpaka pensheni yake itakapoanza. Nikisema hakupanga, nitakuwa ninamsingizia. Wengi hustaafu wakiwa wamepanga sherehe tu. Yeye aliuliza bei. Ila hakuuliza utaratibu, kwa sababu aliamini utaratibu wa vitu vyote duniani anaujua.

Mkewe alitoa pini mdomoni. "Bwana Stoo, usiache mbachao kwa msala upitao."

"Mimi nazungumza habari za bima, wewe unaniletea mikeka."

"Nazungumza hiyo hiyo bima. Hii tuliyo nayo inanijua. Hiyo nyingine haijanijua."

"Itakujua, bibie. Pesa itakutambulisha."

Walicheka, na mama akarudisha pini mdomoni. Binti yao alipopigiwa simu alimwomba baba avumilie mpaka sitini kama wenzake. Baba akamjibu kwamba sitini yake ni rahisi kuingoja, lakini ghorofa ya tatu haimngoji mama yako. Na jibu hilo lilikuwa kweli. Mtu huyo hakustaafu kwa uvivu. Alistaafu kwa ajili ya pumzi ya mke wake.

Siku ya mwisho aliamka mapema kuliko kawaida. Alikabidhi funguo za stoo, koti la kazi lililofuliwa na kupigwa pasi, buti, tochi, na hata kalamu iliyobaki wino robo. Kisha akapanda ofisi ya utumishi, akaweka juu ya meza kadi mbili za bima, yake na ya mkewe, zimefungwa pamoja kwa utepe.

Afisa utumishi alikuwa mwanamke kijana, mwenye adabu na kazi nyingi. Alizitazama zile kadi akasema si lazima azirudishe leo. Alikuwa bado na likizo yake ya miezi miwili ambayo hakuichukua, na muda huo wote jina lake lingebaki kwenye orodha ya wafanyakazi.

"Kaa nazo tu, Mzee," alisema. "Zikiisha zimeisha."

"Binti yangu, nimewarudisha watu kutoka dirishani kwa ajili ya glovu. Leo nitoke getini na kadi ya kiwanda mfukoni?"

"Lakini ni haki yako."

"Haki yangu ni ya siku ninayofanya kazi. Kesho sifanyi kazi. Pokea, kisha nitakwenda kuchukua zangu mpya. La zamani likirudi, jipya linatoka."

Afisa alizipokea. Jumatatu yake aliarifu kampuni ya bima kwamba wanachama wawili wametoka, kama kazi yake ilivyomtaka. Wala hapakuwa na hila ndani yake. Hata hivyo sitamwacha apite hivi hivi: mtu anayelipwa mshahara kushughulikia mambo ya watu anapaswa kujua mlango unaofuata baada ya mlango anaoufunga, na yeye hakujua wala hakuuliza. Getini mchomeleaji alimkumbatia rafiki yake na kumpa zawadi, spana mpya ndani ya boksi. Akamwambia hii ni yako, Mzee, hii hairudi. Watu walicheka mpaka mlinzi akatoka kibandani.

Wakahama. Zikapita kama wiki tatu za kupaka rangi na kupanga vyombo, na mama alitembea kutoka chumbani hadi jikoni bila kusimama kumsifia mtu maua. Vidonge vya mwezi vilipokaribia kwisha, mzee alivaa shati safi akaenda kununua bima.

Msichana wa kampuni ya bima alimkaribisha vizuri, akamuuliza maswali, na alipofika kwenye maradhi, mzee alimweleza yote kuhusu mlango wa moyo, bila kuficha. Wapo wanaoficha. Yeye hakuwa wa kuficha. Msichana akaacha kuandika.

Alimuuliza bima yao ya zamani inaisha lini. Mzee akajibu kwa fahari kidogo kwamba imeshakwisha, kadi alizirudisha mwenyewe siku ya mwisho, kabla hata ya kuombwa. Msichana akamweleza taratibu, kwa namna ambayo mtu humweleza mzazi wake. Mtu anayetoka kwenye bima ya kazini anaweza kuhamia bima ya mtu binafsi na maradhi yake yote, bila kungoja hata siku moja, mradi ahame wakati ile ya kazini bado iko hai. Ikishafungwa, anaingia kama mgeni. Na mgeni mwenye ugonjwa unaojulikana hungoja mwaka mzima kabla ugonjwa huo haujalipiwa.

"Kwa hiyo ningekuja nikiwa nimeshika za zamani?"

"Ndiyo, Mzee. Zile ndizo zingekuingiza."

Alilipia kadi mpya papo hapo, ili mwaka wa kungoja uanze. Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kiwandani. Afisa utumishi alipiga simu, akaandika barua, akapiga tena. Jibu lilikuwa lile lile: majina yameshatolewa, na aliyejitoa kwa hiari yake hawezi kurejeshwa nyuma. Alimwambia mzee kwamba hakujua, na macho yake yakajaa machozi. Mzee ndiye aliyembembeleza. Alipita mbele ya dirisha la stoo akaona mtu mwingine amekaa nyuma ya nondo, akaangalia pembeni.

Nyumbani alimweleza mkewe akiwa amesimama, kama mtumishi aliyevunja chombo. Mama yule alitunga kwanza uzi kwenye sindano.

"Kumbe bima ni stoo ya kinyume," akasema. "Unachukua jipya huku umeng'ang'ania la zamani."

"Ulinionya."

"Nilikutania. Ningejua ningekushika mkono. Kaa chini, Bwana Stoo. Mwaka si milele."

Hakulitaja tena kosa hilo, hata siku moja, na hilo lilimwelemea mumewe kuliko kugombezwa. Kadi mpya zilipofika, mama aliikodolea macho ile ya kwake akalalamikia picha tu. Mpiga picha alikuwa amemkataza kucheka, naye akabana midomo isivyo kawaida yake, lakini macho yalikataa kutii. "Nimekuwa kama mwalimu mkuu aliyechelewa shuleni," alisema, akaitia kadi kwenye mkebe wa vifungo.

Mwezi wa nne wa kungoja, miguu ilianza kuvimba. Kliniki sasa walilipa kwa mkono. Daktari alipima, akapima tena, akasema ule wakati waliokuwa wakiuangalia umefika. Mlango ubadilishwe. Alipotaja gharama, mzee aliuliza mara mbili, akidhani hakusikia. Kiinua mgongo chote hakikufika nusu yake. Ukiongeza nyumba, na mnunuzi akiwa mtu mwema, ingetosha.

Binti alikuja kutoka kwake, akafika na uamuzi tayari. Nyumba iuzwe. Baba alikubali kabla hajamaliza kusema. Alikuwa ameshamtafuta dalali. Wote wawili wakamgeukia mama, aliyekuwa ameegemea mito mitatu kitandani, maana kulala chali hakuweza tena.

"Mkiuza, nikipona nitalala wapi?" aliuliza. "Na nisipopona, baba yenu atalala wapi?"

Binti akasema atawachukua yeye. Mama akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe amepanga nyumba ya watu, na mumewe hana kazi ya kudumu. Akasema atangoja. Miezi imebaki minane tu, haifiki hata mimba ya mtoto. Amengoja mambo makubwa zaidi ya hayo. Binti alilia, akagomba, akamwita mama yake mkaidi. Baba alitoka nje akasimama karibu na banda la kuku. Je, angeuza kwa nguvu? Wapo watakaosema angeuza. Mimi nasema nyumba ilikuwa ya watu wawili, na mmoja alikuwa na akili zake timamu. Lakini pia nasema mtu asifike mahali pa kuchagua kati ya paa na moyo kwa sababu ya swali moja ambalo hakuliuliza. Kuuliza si ujinga. Methali hiyo tunaifundisha watoto, kisha tukipata mvi tunaona haya kuitumia.

Basi wakangoja. Kama kuna kazi ngumu kuliko kungoja huku mtu unayempenda anapungua mbele yako, sijaiona. Mzee alijifunza kupika, kuosha, kumpaka miguu mafuta, na kutunga uzi kwa sababu macho ya mama yalichoka upesi. Walipunguza matumizi ya kila kitu kingine, lakini dawa hawakuzipunguza. Mchomeleaji alikuja siku za mapumziko, akatengeneza kiti chenye mgongo wa kulala nyuma ili mama aweze kushona akiwa ameegemea. Alimtania kwamba sasa anakaa kama waziri. Mama akamjibu waziri gani anayeshona kola za watoto wa watu. Alisema hivyo kwa vipande vitatu, akivuta pumzi katikati.

Mara moja tu mzee alijaribu kusema. Alikuwa anamfungulia mafundo ya utepe wa kushonea, na utepe ulifanana na ule aliofungia kadi siku ile.

"Nilidhani ninafanya haki," alisema.

"Ulifanya," mkewe akamjibu. "Ila ulikuwa na haraka ya kuwa mwema."

Maneno hayo nimeyafikiria sana. Tunahubiri uaminifu, na tutauhubiri mpaka mwisho. Lakini uaminifu unaojitazama wenyewe kwenye kioo husahau kutazama nani amesimama nyuma yake. Kadi zilikuwa mbili. Moja ilikuwa yake ya kurudisha akitaka. Ya pili ilikuwa pumzi ya mtu mwingine.

Mama alifariki mwezi wa kumi wa kungoja, mchana, jua likiwa limehamia dirisha la pili. Mzee alikuwa jikoni. Alisikia cherehani inakimbia, ikapunguza mwendo, ikanyamaza, akadhani uzi umekatika. Alipokwenda kuutunga aliona uzi ni mzima. Mkono wa shati la mtoto ulikuwa umeshonwa hadi kwenye kiwiko. Mkewe alikuwa ameegemea kiti kile cha mchomeleaji, na pini mbili bado zimo mdomoni. Mzee alizitoa kwanza pini, moja moja, kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kumchoma aliyelala. Kisha akaita jirani.

Mazishi yalipopita na binti kurudi kwake, mzee alivaa shati safi akaenda ofisi ya bima. Hakuna aliyemwita. Alikwenda kwa sababu mwanachama mmoja hayupo, na jambo kama hilo lazima liarifiwe. Msichana alikuwa yule yule. Alimkumbuka, akampa pole ya kweli, akabonyeza mashine yake muda mrefu.

"Kadi ya marehemu tunaomba uirudishe, Mzee," akasema. "Tukishaipokea, nakutolea yako mpya, ya mtu mmoja."

Kadi ilikuwa kwenye mfuko wa shati, upande wa kushoto. Aliitoa kwenye mkebe wa vifungo asubuhi hiyo kwa nia hiyo hiyo ya kuirudisha. Njiani aliitazama. Ile midomo iliyobanwa, na macho yaliyokataa kutii. Ilikuwa picha yake ya mwisho, na katika miezi yote hiyo kadi haikulipia moyo wake hata kidonge kimoja.

Msichana alikuwa amenyoosha mkono kupitia pengo la chini ya kioo. Mzee aliutazama mkono ule, ulivyokaa juu ya meza, kiganja juu, ukingoja, kama wake ulivyongoja miaka thelathini chini ya nondo.

"Imepotea," alisema.

Ulikuwa uongo, na uongo hauna jina jingine. Alisimama wima akingoja aulizwe kama kadi ina miguu. Alikuwa tayari kwa swali hilo. Huenda hata alilitaka. Lakini msichana aliandika maneno machache, akamwambia haidhuru, Mzee, vitu hupotea, akamsukumia kadi mpya chini ya kioo.